Anza na Zawadi za Chuoni Kwako

Wadogo zangu, bumu likichelewa tu, simu yangu hujaa ujumbe, na karibu wote mnauliza jambo moja: "Dada, ufadhili wa kwenda kusoma nje unapatikanaje?" Nitawajibu. Ila kabla ya kufika huko, naomba tuzungumzie pesa na heshima zilizo hapo hapo chuoni, maana wengi mnazipita kila siku mkienda darasani.

Kwanza tutenganishe mambo. Bumu ni mkopo. Ukishaajiriwa, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ufadhili haurudishwi, lakini una masharti, na sharti kubwa ni ufaulu usishuke. Tuzo nayo hairudishwi, na ukishaipata ni yako. Sisemi mkopo ni mbaya. Umesomesha watoto wa wakulima na mama lishe ambao wasingeiona shahada. Nasema usiridhike nao peke yake.

Wengi mnaujua Samia Scholarship ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Unawalenga waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, wanaojiunga na shahada za sayansi, uhandisi, hisabati, teknolojia na tiba. Tatizo ni kwamba aliyeukosa, au aliyesoma sanaa na biashara, anaona mambo yameishia hapo. Anakaa miaka mitatu bila kuuliza tena.

Mdogo wangu, uliza tena. Vyuo vyetu vikubwa vina zawadi za mwanafunzi bora wa somo, wa mwaka, wa kitivo, na nyingine za wasichana waliofanya vizuri kwenye sayansi na uhandisi. Baadhi zinatolewa na benki na kampuni, nyingine na watu wanaotaka kumuenzi profesa aliyetangulia mbele ya haki. Nenda ofisi ya mkuu wa idara, kisha kwa Mshauri wa Wanafunzi, uulize: zawadi zipi zipo, vigezo vyake ni vipi, majina yanapelekwa lini? Kuna ambazo chuo kinachagua chenyewe kwa kuangalia matokeo, na kuna ambazo lazima uombe. Hizo za kuomba ndizo zinazokosa waombaji.

Na kwa kuwa zipo zinazoangalia matokeo, nawasihi sana walioingia mwaka huu: msiseme "mwaka wa kwanza ni wa kuzoea". Kwa GPA yetu ya 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na matokeo ya mwaka wa kwanza yanahesabiwa kwenye jumla. C mbili tatu za semista ya kwanza utahangaika kuzifuta mpaka mwaka wa tatu.

Kama wastani wako si wa juu, bado una nafasi, kwa sababu tuzo nyingi haziangalii GPA kabisa. Unapenda kuandika? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi wa Kiswahili. Mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10 na mswada wake kuchapishwa. Unasoma sheria? Mashindano ya Afrika ya mahakama ya mfano kuhusu haki za binadamu, yanayoandaliwa na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, yapo tangu 1992 na yanashindanisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Umebuni kifaa? Kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, na vyuo vikuu vina kundi lao. Mradi wako wa mwaka wa mwisho usiuache uozee kabatini.

Sasa nje. Ufadhili wa serikali ya Uturuki unapokea maombi ya shahada ya kwanza kuanzia Januari hadi Februari, kuomba ni bure, lakini umri wako uwe chini ya miaka 21. Mpango wa Mastercard Foundation Scholars, ulioanza 2012, unafanya kazi pia na vyuo vya Afrika kama Makerere na Ashesi ya Ghana, na unawaangalia hasa vijana wenye uwezo darasani ambao nyumbani hali ni ngumu. Lakini elewa hili: ufadhili mwingi wa shahada ya kwanza unataka uanze upya mwaka wa kwanza. Kama uko mwaka wa pili, nje yako ni shahada ya uzamili, na kule wanakuuliza ulifanya nini ulipokuwa chuoni. Zawadi ndogo ya idara ndiyo inayoanza kukujibia.

Tuje kwenye maombi yenyewe. Barua ya maelezo binafsi ndipo wengi mnapoangukia. Mtu anaandika: "Mimi ni kijana mchapakazi, natoka familia duni na nina ndoto kubwa." Msomaji ameshaikuta sentensi hiyo kwenye maombi mengi kabla ya yako. Mwingine anaandika: "Mwaka wa pili, mimi na wenzangu wawili tulipima maji ya visima vitano mtaani kwetu, kisha tukampelekea majibu mwenyekiti wa serikali ya mtaa." Huyu atasomwa mpaka mwisho. Kama shida za nyumbani ni kweli, ziseme, kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha useme ulichofanya.

Barua ya mhadhiri nayo usiiombe siku mbili kabla ya mwisho. Mpe wiki tatu, na umrahisishie kazi. Andika hivi: "Shikamoo Dokta. Nilisoma somo lako la takwimu mwaka jana nikapata B+. Naomba barua ya kuniombea ufadhili. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 mwezi ujao. Nimeambatisha matokeo yangu, maelezo binafsi na ile kazi uliyonisahihisha." Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kukukumbuka kwa jina tu. Nenda ofisini kwake ukamuulize maswali ya somo tangu mapema, akujue.

Vyeti viweke sawa sasa. Hakikisha jina la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha kidato cha nne na la kitambulisho cha NIDA ni lile lile, herufi kwa herufi. Kama moja limeandikwa Mwanaidi na lingine Mwanahidi, nenda kwa wakili na ofisi husika urekebishe kabla tangazo halijatoka.

Na tafadhali, ukiona "tuma 30,000 ya fomu kwenye namba hii upate nafasi", hama hapo. Mfadhili wa kweli hapokei ada kwa namba ya simu ya mtu. Kabla hujamtumia mtu yeyote nakala ya pasipoti yako, thibitisha tangazo kwa wizara, ubalozi au chuo chenyewe.

Wiki hii nakupa kazi moja: nenda idarani kwako, uliza zawadi zilizopo, andika tarehe zake kwenye daftari. Kisha mchukue na mwenzako mmoja mwombe pamoja. Mimi nawaombea heri, na nataka mwakani niyasikie majina yenu yakisomwa.