Mama ana aneurizimu yenye shingo pana

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 58. Amekutwa na aneurizimu kwenye njia panda ya mshipa wa ubongo, haijapasuka. Tumeambiwa shingo yake ni pana, kwa hiyo atawekewa koili pamoja na stenti, na aanze kumeza dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa nini stenti? Na dawa hizo hazitamvujisha damu?

JIBU: Aneurizimu ni ukuta wa mshipa uliodhoofika ukatuna. Tangu Guido Guglielmi na wenzake wa Los Angeles walipoanza kuijaza koili za platini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa wengi hutibiwa bila kufunguliwa fuvu: katheta hupitishwa kinenani au mkononi hadi kichwani. Lakini shingo ikifika milimita 4 au zaidi, koili hazitulii. Moja ikichomoza mshipani, kiharusi kinaweza kufuata.

Ndipo stenti inapohitajika. Mara nyingi katheta nyembamba hutangulizwa ndani ya uvimbe, kisha stenti, ambayo ni wavu wa chuma, hufunguliwa mbele ya shingo na kuibana katheta hiyo ukutani. Koili zikishajaa, katheta huvutwa taratibu. Kwenye njia panda kazi ni ngumu zaidi, maana stenti moja hulinda tawi moja tu. Pengine zitahitajika mbili, zikae kama herufi Y. Lipo pia puto linalojazwa kwa muda tu wakati koili zinawekwa, njia iliyoasisiwa na Jacques Moret wa Ufaransa. Muulizeni daktari kama puto lingetosha. Mimi napendelea chuma kidogo kadiri inavyowezekana, na swali hilo si utovu wa adabu.

Hofu yako kuhusu dawa ina msingi. Aneurizimu ikishapasuka, madaktari hukwepa stenti wakiweza, kwa sababu hiyohiyo ya damu kuvuja. Mama hajafika huko. Kwake ninachokihofia zaidi ni damu kuganda juu ya chuma kipya, hasa dawa zikikatizwa. Kwa kawaida aspirini na klopidogreli humezwa pamoja kwa miezi kadhaa, halafu aspirini huendelea peke yake. Asiziache hata kwa ajili ya kung'oa jino kabla ya kuongea na daktari wake. Akisumbuliwa na tumbo, msimnunulie omeprazoli dukani kienyeji. Inapunguza nguvu ya klopidogreli. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kichwa kikimuuma ghafla kupita kiasi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, na mbebe dawa zake zote.