KWA NINI NYUTA MBILI ZA MTI MMOJA HAZILINGANI MKONONI

Mtu akipewa nyuta mbili zilizochongwa na fundi mmoja, kwa mti wa aina moja na kwa urefu mmoja, akazivuta moja baada ya nyingine, atatambua mara moja kuwa si sawa. Wa kwanza huvutika kwa utaratibu mpaka ugwe ukafika shavuni, na mshale ukiisha kutoka, uta hunyamaza. Wa pili huwa mwepesi mwanzoni, kisha hukaza ghafula, na ukiachiliwa humpiga mvutaji kiganjani hata kiwiko kikasikia. Wengi husema kwamba hiyo ni bahati tu, au kwamba fundi alikuwa na haraka siku ile. Lakini sababu zake zaweza kuelezwa, na kijana anayetaka kuchonga au kununua uta yampasa azijue, kwa maana uta mbaya huumiza, na uta mzuri mara nyingi huharibiwa na mtu asiyejua kosa liko wapi.

Tuanze na watu wa kwetu. Katika mwambao wa Ziwa silaha kuu ya Waluo ilikuwa mkuki pamoja na ngao. Uta, ambao wao huuita atung', ulikuwapo lakini haukutangulia. Juu ya milima inayoitazama tambarare ya Kano, Wanandi na Wakipsigis waliuita kwanget, nao walikuwa na nyuta za namna zaidi ya moja. Hapa ndipo penye somo zuri kuliko vitabu vingi. Walipotaka kumtoa ng'ombe damu kwa chakula, walifunga shingo yake kwa ukanda wa ngozi mpaka mshipa ukatokeza, kisha wakaufuma kutoka karibu sana kwa uta mdogo. Mshale wake ulikuwa na kizuizi nyuma tu ya chembe, ili usizame kupita kiasi. Damu ilikingwa, ukanda ukafunguliwa, na mnyama akarudi malishoni. Uta wa vita ungemwua ng'ombe yule; uta dhaifu mno nao usingepasua ngozi, na mnyama angeteseka bure. Basi fundi aliyechonga uta wa namna ile hakuwa akichonga mchezo wa watoto. Alipima nguvu kwa kidole na jicho, na makosa yake yangelipwa kwa mali ya watu.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Uta si kitu kingine ila ghala ya nguvu za mkono. Mvutaji huiweka kazi yake ndani ya mti kidogo kidogo anapovuta, na mti huirudisha mara moja anapoachilia. Upande wa nje wa uta, unaoelekea shabaha, huitwa mgongo, nao hunyoshwa. Upande wa ndani, unaomwelekea mvutaji, huitwa tumbo, nao hubanwa. Nyuzi za mti kwa kawaida hustahimili kunyoshwa zaidi kuliko kubanwa. Kwa hiyo tumbo ndilo linalochoka kwanza, na alama yake ni mikunjo myembamba kama nywele inayokatisha mti kwa upana. Mgongo ukichoka hautoi onyo refu: huvunjika.

Ndiyo sababu mafundi wengi wa Afrika hawakupenda kupasua gogo kubwa. Walitwaa mche au tawi lililonyoka, wakaubambua, na sehemu iliyokuwa chini tu ya gome wakaifanya mgongo bila kuigusa kwa kisu, ili nyuzi zake ziende nzima toka ncha hata ncha. Miti ya jamii ya mkole ilipendwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Waluo huwaita ndugu zake powo, nao hujulikana pia kwa fimbo na rungu. Mti wa namna hiyo ni mgumu, lakini hupindika na kurudi. Hata hivyo hakuna matawi mawili yanayolingana. Moja lilikua kivulini, jingine juani. Moja lina jicho la mti karibu na mshiko, jingine lilipigwa na upepo upande mmoja kwa miaka mingi. Kiwanda chaweza kutengeneza nyuta elfu moja za namna moja kwa kubandika tabaka za mti na nyuzi za kioo, lakini fundi wa mkono hana budi kuusikiliza kila mti peke yake.

Sasa tufike penye jambo ambalo wachongaji wapya hawaliamini mpaka waione hasara. Ugumu wa ubao haupungui sawasawa na unene wake. Ukiongeza upana mara mbili, ugumu huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza unene mara mbili, ugumu huwa mara nane. Chukua uta wenye unene wa milimita 16, ambao kuvutwa kwake kwataka nguvu za ratili 50. Mwondolee milimita moja tu tumboni, toka mwanzo hata mwisho, na nguvu zake zitashuka hata ratili 41 hivi. Milimita moja ni unene wa ukucha! Basi nyuta mbili ambazo jicho laziona kuwa pacha zaweza kupitana kwa sehemu karibu moja katika tano, na mkono husema kweli ambayo jicho halikuiona.

Vilevile uta una nusu mbili, ya juu na ya chini, na zote mbili yapasa zirudi pamoja. Ikiwa nusu moja ni ngumu kuliko mwenziwe, ile ngumu hufika kwanza, na ugwe huvutwa huku na huku kabla ya kutulia. Mvutaji huhisi uta ukimgeukia kiganjani. Fundi mwenye subira huutundika uta wake ukutani kwa mshiko, huuvuta kwa kamba kutoka mbali, na kuutazama jinsi unavyojipinda. Mahali palipobaki pamenyoka hupakwaruza kidogo; mahali panapojipinda kupita kiasi hapaachi kisu kipaguse tena. Huvuta mara nyingi, hukwaruza mara chache. Kazi hii ya kusawazisha huchukua saa nyingi kuliko kuchonga kwenyewe, nayo ndiyo hasa inayotenga uta na kijiti kilichofungwa kamba.

Ule mkazo wa ghafula tuliousema mwanzoni mara nyingi hutokana na ufupi. Uta mfupi ukivutwa mbali sana, ugwe na ncha hufanya pembe pana, na kila inchi ya mwisho hudai nguvu nyingi kuliko ile iliyotangulia. Uta mrefu huwa mpole zaidi. Lakini mtu wa porini hawezi kupita vichakani na uta unaomzidi kimo, kwa hiyo kila taifa lilipatana na nchi yake.

Na lile pigo la kiganjani? Mshale hauchukui nguvu zote zilizowekwa. Katika uta wa mti mtupu mshale huondoka na zaidi ya nusu, na zinazosalia hubaki katika mti na ugwe, zikitafuta mahali pa kwenda. Ncha zilizoachwa nene na nzito hubeba nyingi, na ugwe mzito vilevile. Uta wa kisasa wa mashindano una mshiko mzito wa chuma chepesi ambao huzimeza zile zilizobaki. Uta wa mti ni mwepesi, na kilicho karibu nao ni mfupa wa mvutaji. Kwa hiyo fundi huzipunguza ncha mpaka ziwe nyembamba kadiri zinavyoweza kustahimili ugwe. Mshale mwepesi kupita kiasi huongeza pigo, kwa kuwa huondoka upesi na kuacha nguvu nyingi nyuma. Basi fikirini itakuwaje mtu akivuta uta na kuuachilia bila mshale wo wote. Nguvu zote hurudi katika mti. Watoto hufanya hivi kwa mzaha ili kusikia mlio, na uta mzuri hupasuka mbele ya uso wa mtu. Mzazi anayekataza mchezo huo hakosei hata kidogo.

Liko jambo jingine la ajabu. Katika uta wa zamani mshale haupiti katikati; hukaa ubavuni, na wakati wa kuachiliwa yapasa uuzunguke mshiko. Wataalamu wa Marekani, akiwamo Clarence Hickman, waliupiga picha za kasi sana katika miaka ya 1930, wakaona kuwa mshale hujipinda kama samaki majini, ukauzunguka uta bila kuugonga, kisha ukanyoka njiani. Uti wa mshale ukiwa mgumu mno hautapinda vya kutosha, nao utakwenda upande; ukiwa laini mno utakwenda upande wa pili. Kwa hiyo mishale iliyo sawa kwa uta mmoja yaweza kuwa mibaya kabisa kwa mwingine, na mtu asiyejua hili huushika kisu akauharibu uta wake, ilhali dawa ilikuwa kubadili mshale.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mti hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, hata baada ya miaka mingi ya kukatwa. Katika miezi ya masika, toka Machi hata Mei, uta uliowekwa katika nyumba ya pwani ya Ziwa hulainika. Huvutika kwa wepesi, hutupa mshale kwa uvivu, na ukivutwa sana hubaki umepinda hata ugwe ukiondolewa. Ukikauka kupita kiasi, karibu na moto wa jiko kwa mfano, huwa mkali na mwepesi kuvunjika. Uta mmoja, basi, waweza kuwa na tabia mbili katika mwaka mmoja.

Wataalamu wa nyuta kubwa katika Kenya walikuwa Wawaata wa nchi ya nyuma ya pwani, waliowinda ndovu kwa nyuta zilizohitaji nguvu ambazo watu wachache waliweza kuzivuta. Wazungu walizilinganisha na zile ndefu za Uingereza za zamani. Na nyuta zaidi ya 130 za namna hiyo zilipatikana katika merikebu Mary Rose iliyozama mwaka 1545, ikainuliwa mwaka 1982. Mwaka 1956 na 1957 palikuwa na kampeni kali dhidi ya uwindaji wa magendo katika Tsavo, na wawindaji wengi walifungwa. Ndovu walihitaji kulindwa, hilo halina ubishi. Lakini pamoja na uwindaji ulikwenda ujuzi wa kuchonga ambao haukuandikwa popote, kwa sababu kipimo chake kilikuwa mkono wa mwenyewe.

Tangu mwaka 1977 uwindaji umekatazwa katika Kenya, na sheria ya wanyama ya mwaka 2013 iliongeza adhabu. Anayechonga uta leo na achonge kwa ajili ya shabaha ya majani. Mchezo huo wenyewe una heshima: katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga mishale, Bi. Shehzana Anwar. Na kwa anayependa kuziona silaha za kale za watu wa Magharibi, Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, hayako mbali na mji.

Mwenye uta wa mti usiompendeza na asikimbilie kisu. Kwanza aondoe ugwe, auache uta siku kadhaa mahali pakavu pasipo moto wala jua, kisha aujaribu tena kwa mishale ya uzito mbalimbali. Kama bado wapiga kiganja, atazame ncha zake, akwaruze kidogo sana kwa kipande cha chupa, avute mara ishirini, ndipo atazame tena. Na kila akimaliza kuupiga, ugwe uondolewe, kwa maana uta uliolala umepindwa usiku kucha huamka mchovu.