Njia za Kuuchunguza Ubongo

Wanafunzi wenzangu, mwenzetu akianguka kifafa darasani, wapo wanaonong'ona ati amerogwa. Je, ukweli ni upi? Tuwaulize wanaouchunguza ubongo.

Zamani ilibidi wangoje mgonjwa afe. Mwaka wa 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hapo ikaanza kueleweka kwamba sehemu hiyo ina kazi kubwa katika usemi.

Siku hizi mtu huchunguzwa akiwa hai. Njia ya kwanza ni kupima umeme ambao chembechembe za ubongo hutumia kupashana habari. Hans Berger, Mjerumani, aliunasa kutoka kichwani mwa binadamu mwaka wa 1924. Vijisahani vya chuma hubandikwa kichwani, na mashine huchora mawimbi. Haiumi! Njia hii ni ya haraka mno, lakini haionyeshi vyema umeme umetoka wapi.

Njia ya pili ni mashine ya sumaku kali, MRI. Hiyo huonyesha mahali barabara, hata damu inapoongezeka kwenye sehemu inayofanya kazi, ila damu huchelewa sekunde kadhaa. Basi kidole kimoja hakivunji chawa: njia hizi husaidiana.

Turudi kwa mwenzetu. Wakati wa kifafa, chembechembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja kupita kiasi, na mawimbi yale huonyesha. Ni ugonjwa wenye dawa, si uchawi. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani. Na tusimcheke!