SOMO: WANAFUNZI WANAOANDIKA HABARI ZA SHULE ZAO

Kabla ya kuendelea tunaomba kila mmoja achukue Biblia yake asome Waraka wa Yakobo, sura ya 2, aya ya 1 mpaka ya 9. Wengi wetu twaikumbuka habari ile. Watu wawili waingia katika mkutano, mmoja ana pete ya dhahabu, mwingine ana nguo chakavu. Wa kwanza aonyeshwa mahali pazuri, wa pili aambiwa asimame au aketi chini. Mara nyingi somo hili huhubiriwa kana kwamba lahusu viti vya kanisani tu. Safari hii twalipeleka darasani, maana huko nako wako wanaoketi kitini na wanaoketi chini, na hapa hatusemi kwa mfano.

Swali letu ni hili: nani anayepaswa kuitoa habari hiyo? Afisa elimu ana takwimu zake, mwalimu mkuu ana taarifa yake, mzazi ana manung'uniko yake. Lakini anayeshinda mle ndani kutwa nzima ni mtoto. Katika jiji la New York, Marekani, wanafunzi wa sekondari wamelitambua jambo hilo. Shule za serikali za jiji lile zina wanafunzi mamia ya maelfu, wa kila rangi na kila taifa, na sheria ya nchi yao yakataza kuwatenga. Hata hivyo, mwaka 2019 shule yao moja maarufu iitwayo Stuyvesant, ambayo watoto huingia kwa mtihani, ilitoa nafasi 895, na Wamarekani Weusi waliopata nafasi hizo walikuwa 7. Basi baadhi ya wanafunzi wa jiji hilo wakajifunza kuhoji watu na kurekodi sauti, wakatengeneza vipindi wao wenyewe wakieleza kwa nini shule mbili za jiji moja hazifanani.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kazi ya wanafunzi kuandika habari ni ya zamani katika kanisa letu. Mwaka 1888 chuo cha Kiungani, Unguja, kilichokuwa cha misheni yetu ya UMCA, kilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni katika magazeti ya kwanza kabisa ya lugha hii, na kalamu zilizoliandika zilikuwa za wanafunzi na za walimu vijana waliotoka chuoni hapo. Habari zilitoka katika vituo vya misheni, pamoja na vya kwetu huku Masasi na Newala: habari za safari, za misiba, za michezo. Babu zetu walijua kuandika yale waliyoyaona. Lakini hatudhani kwamba gazeti lililosimamiwa na mapadre wa Kizungu lilikuwa mahali pepesi pa kuuliza kwa nini shule ya huyu ni ya mawe na ya yule ni ya udongo.

Na swali hilo lilistahili kuulizwa, hasa hapa Nachingwea. Wakati wa utawala wa Waingereza shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na kila kundi likawa na fungu lake la fedha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957, Waafrika walikuwa zaidi ya 98 katika kila watu 100. Mafungu ya fedha hayakugawanywa kwa kadiri hiyo hata kidogo. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuingia shule, mara nyingi safari yake iliishia darasa la nne.

Mwaka 1947 ukaja ule mpango mkubwa wa karanga, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilipouacha mwaka 1951 ilikuwa imepoteza paundi zipatazo milioni 36. Sasa tazama watoto wa watu waliofanya kazi katika mpango huo mmoja. Kwa watoto wa wafanyakazi wa Kizungu ilifunguliwa shule ya bweni kule Kongwa. Baadaye ilifungwa, na mwaka 1959 wakafunguliwa shule nyingine nzuri zaidi kule Iringa, ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Watoto wa wale waliong'oa visiki na kubeba magunia walibaki na shule za misheni na za serikali za wenyeji, kama zilikuwapo karibu. Reli yenyewe iliyoletwa kwa ajili ya karanga ilifungwa mwaka 1962. Wageni hushangaa wakisikia tuna kata iitwayo Stesheni wala garimoshi halionekani.

Dayosisi yetu ya Masasi ilipata kuwa na askofu aliyeyajua mambo ya kutenga watoto kuliko wengi. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Masasi tangu 1960 hata 1968, alikuja akitoka katika mapambano ya Afrika Kusini. Kule, sheria ya mwaka 1953 iliamuru watoto wa Kiafrika wafundishwe elimu duni kwa makusudi. Shirika lake lilikuwa na shule ya Mtakatifu Petro mjini Johannesburg, aliyosoma Oliver Tambo. Walichagua kuifunga kuliko kuikabidhi itumike kwa kazi hiyo. Uamuzi mzito, kwa kuwa walioumia kwanza ni watoto wale wale waliotaka kuwatetea. Mpaka leo watu hubishana kama ulikuwa sawa.

Nchi yetu ilifuta utaratibu wa rangi mara tu baada ya Uhuru: tangu Januari 1962 shule zikawa za mfumo mmoja. Mwaka 1969 serikali ikachukua shule za misheni. Likafuata Azimio la Musoma la 1974, na watoto wote wakaitwa shuleni. Sisi tuliosoma miaka ile twakumbuka upungufu wake. Walimu wengi waliandaliwa haraka haraka, na si wachache waliokalia matofali. Lakini mtoto wa bwana shamba na mtoto wa mkulima wa korosho waliyakalia pamoja, na kwa hiyo bwana shamba naye alikuwa na sababu ya kuuliza madawati yatakuja lini.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Leo hakuna sheria inayomtenga mtoto yeyote Nachingwea wala Ruangwa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa mwaka 2016, ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Ni mambo makubwa, na twamshukuru Mungu. Lakini tangu miaka ya 1990 zimeongezeka shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mwenye uwezo humwondoa mtoto wake katika shule ya kijiji. Alfajiri basi la shule lapita kumchukua mmoja, na jirani yake ashika ndoo na ufagio atembee kwa miguu. Hakuna aliyeamuru jambo hili, kwa hiyo hakuna anayeulizwa. Ukuta wa zamani ulikuwa na karatasi yenye saini chini. Huu wa sasa hauna saini.

Matokeo yake huonekana kidato cha kwanza. Sisi tuliofundisha walimu tumeyaona kwa muda mrefu. Mtoto wa shule ya kijiji amejifunza sayansi kwa Kiswahili, na amejifunza vema. Aweza kukueleza jinsi damu izungukavyo mwilini bila kusita. Mwezi Januari aingia sekondari, na mambo yale yale yaandikwa ubaoni kwa Kiingereza. Anyamaza. Mwalimu amwona mzito. Pembeni yake ameketi mwenzake aliyetoka shule ya ada, naye anyosha kidole kila mara, na mwalimu aliyechoka, mwenye darasa la watoto themanini, hufundisha wale wanaojibu. Kwa hiyo hata wanapoketi darasa moja wametengwa. Takwimu ya uandikishaji itasema wote wamo. Anayejua kwamba nusu yao hawamo ni mwanafunzi mwenyewe.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Wengine walifurahi. Orodha ile kweli ilikuwa na dosari, maana ilipima ada pamoja na akili. Hata hivyo tofauti haikuondoka kwa kutotangazwa, na twaona yafaa ielezwe kwa namna iliyo bora kuliko orodha.

Ndiyo maana twapendekeza vijana wa mtaa wetu walio sekondari waanze kuandika habari za shule katika gazeti hili. Kazi hii ina adabu yake. Kwanza ni ruhusa, ya mwalimu mkuu na ya wazazi. Mwandishi haingii shuleni kama mwizi. Pili ni kuhesabu mwenyewe, si kuambiwa. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 katika darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Basi hesabu watoto, hesabu matundu, andika tarehe. Kisha nenda shule ya pili, moja ya mjini na moja ya Kilimarondo au Mbekenyera, ukaulize maswali yale yale bila kubadili hata moja. Hapo mwenye kusoma atapima mwenyewe, nawe huna haja ya kutumia maneno makali. Jina la mtoto asiye na sare halichapwi kamwe. Na mwalimu mkuu apewe nafasi ya kujibu kabla ya kuchapwa, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyeandika barua kumi za kuomba walimu na hakuna aliyezijibu.

Wazee watasema huu ni utovu wa adabu. Twawaomba wamfikirie Barbara Johns, msichana wa miaka 16 wa jimbo la Virginia, Marekani. Shule yake ya watu Weusi ilijengwa kwa wanafunzi 180, nao walikuwa zaidi ya 400. Waliozidi waliwekwa katika mabanda yaliyoezekwa karatasi za lami. Wazazi walikuwa wamekwisha omba kwa upole, wakaahidiwa. Tarehe 23 Aprili 1951 aliwaongoza wenzake kutoka madarasani. Kesi yao ikawa moja ya tano zilizounganishwa mwaka 1954, wakati Mahakama Kuu ya nchi ile ilipohukumu kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ushindi haukuwa mwepesi: wilaya yake ilifunga shule zote za serikali tangu 1959 hata 1964 ili wasichanganywe. Na Barbara mwenyewe, kwa kuhofiwa maisha yake, alipelekwa kwa ndugu wa baba yake, aliyekuwa mchungaji, akamalizie masomo huko. Tazameni kazi ya mtu mzima katika habari hiyo. Hakumwambia mtoto anyamaze. Alimfungulia mlango wa nyumba yake.

Vikundi vya vijana na Umoja wa Akina Mama wakikutana wiki hii, wasome tena zile aya za Yakobo, kisha waulizane: katika mafundisho ya watoto Jumapili, ni nani huitwa kusoma mbele, na anatoka shule gani? Kijana wetu akiitwa na mkuu wa shule kwa ajili ya habari aliyoandika kwa ukweli, nani miongoni mwetu atakwenda naye? Na kama habari inayoletwa yahusu shule ya kanisa inayomrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya ada, tuichape au tuiweke kabatini? Sisi twasema ichapwe, na ya kanisa itangulie. Padre wetu anataka kusikia kwanza wazee wasemaje.