Ngozi ya Chura

Watoto, mmepata kumwona chura akinywa maji kwa kinywa, kama kuku au mbuzi? Hapana. Chura hanywi kwa kinywa. Anakaa mahali palipolowa, na ngozi ya tumbo lake inavuta maji mpaka ndani ya mwili. Ana mapafu, ndiyo, lakini ngozi nayo inamsaidia kuvuta hewa. Tena ngozi hiyo inalinda chumvi iliyo katika damu yake isipotee majini.

Basi ngozi ikiugua, chura mzima anaugua. Mwaka wa 1998 wataalamu walitangaza ugonjwa wa vyura waliouona katika Australia na Amerika ya Kati. Unaletwa na kuvu ndogo sana, isiyoonekana kwa macho, inayokaa katika ngozi. Watu walishangaa: ugonjwa wa ngozi tu unamwuaje mnyama? Mwaka wa 2009 wataalamu walioko Australia walieleza jibu, baada ya kupima damu ya vyura wagonjwa. Ngozi ilikuwa imeshindwa kazi yake, chumvi imepungua katika damu, na moyo usiopata chumvi ya kutosha haupigi vema. Mwisho unasimama.

Sasa fikirini jambo lingine. Mwili wa mtu una joto lake wenyewe. Chura si hivyo: akikaa juani anapata joto, akiingia majini anapoa. Na kuvu ile inapenda baridi. Joto likipita digrii 30 haiwezi kuishi. Kwa sababu hiyo vyura wa Australia wanakufa zaidi wakati wa baridi.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Macquarie, huko Sydney, walitafuta dawa isiyo ya chupa. Walitwaa matofali yenye matundu, wakayapaka rangi nyeusi, wakayapanga ndani ya vijumba vinavyopitisha mwanga. Jua likayapasha moto. Vyura wa aina moja, wenye rangi ya kijani na dhahabu, wakaingia matunduni wenyewe, maana walipenda joto. Kuvu ikawatoka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 2024, pamoja na ajabu nyingine: vyura waliopona kwa joto walishindana na ugonjwa vizuri zaidi uliporudi. Matofali tu!

Lakini mtu asiseme: dunia inazidi kuwa na joto, basi vyura wote watapona. Wako vyura wa milimani wasiovumilia joto. Wao wangekufa pamoja na kuvu. Na jua linalokausha mabwawa linakausha ngozi pia. Kwa hiyo kila aina ya chura yapasa kupimwa kwanza: inavumilia joto gani, inapotewa na maji kiasi gani.

Maulizo
1. Chura anakunywa maji namna gani?
2. Kwa nini moyo wa chura mgonjwa unasimama?
3. Kwa nini matofali yalipakwa rangi nyeusi?
4. Vyura wa kwenu wanajificha wapi wakati wa kiangazi? Kwa nini wanapachagua mahali pale?