Ukiongeza kamera nyumbani, piga hesabu ya ada kwanza

SOMO LA WIKI

MNUNUZI wa kamera za ulinzi wa nyumba hukutana na bei mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye boksi dukani na hulipwa mara moja. Ya pili ni ada ya mwezi ya kuhifadhi picha, nayo haikomi maadamu kamera inafanya kazi. Wateja wengi huvutana sana na muuzaji juu ya bei ya kwanza na kuiacha ya pili ipite. Siku wanapotaka kuongeza kamera moja au mbili ndipo hugundua kwamba mpango wanaoulipia una kikomo.

Kikomo hicho si jambo dogo. Mara nyingi kamera iliyo nje ya mpango wa malipo huendelea kuonyesha picha za papo kwa papo kwenye simu, lakini haihifadhi chochote mtandaoni. Mwizi akiingia saa nane usiku wakati mwenye nyumba amelala, asubuhi hakuna picha ya kuwapelekea polisi. Fedha za kamera zimetumika, na ulinzi haupo.

Somo la wiki hii linachambua hesabu hiyo kwa kutumia soko la Marekani, ambako ada za namna hii zimezoeleka na mabadiliko yake yanafahamika. Baadaye litaangalia jinsi kanuni ile ile inavyojitokeza Dar es Salaam na Nairobi.

Vikomo vinne

Kabla ya kulinganisha bei, mteja anapaswa kujua anapimiwa nini. Mipango mingi ina vikomo vinne.

Kwanza ni idadi ya kamera. Kampuni nyingine hutoza kila kamera peke yake, nyingine huweka idadi ya juu, na nyingine hutoza nyumba nzima bila kujali idadi.

Pili ni siku za kuhifadhi. Picha ikifikisha siku zilizowekwa hufutwa yenyewe.

Tatu ni aina ya kurekodi. Kuna kurekodi tukio tu, pale kamera inapohisi mtu au gari linapita, na kuna kurekodi mfululizo saa 24. Kamera za betri kwa kawaida hurekodi matukio tu.

Nne ni mahali. Mpango unaosema "kamera zote" huwa na maana ya kamera zote za anwani moja. Mwenye nyumba ya kuishi na duka mtaa wa pili huhesabiwa kuwa na sehemu mbili, hivyo ada ni mbili.

Arlo: kamera ya sita

Kampuni ya Arlo, iliyozaliwa ndani ya Netgear na kuanza kuuza hisa zake katika soko la New York mwaka 2018, ni mfano mzuri wa kikomo cha idadi. Kamera zake za awali ziliuzwa pamoja na mpango wa bure wa kamera 5 na hifadhi ya siku 7. Aliyehitaji zaidi alilipa dola 9.99 kwa mwezi kwa kamera hadi 10 na siku 30, au dola 14.99 kwa kamera hadi 15 na siku 60.

Wanafunzi wa biashara wataitambua hapa gharama ya nyongeza. Mwenye kamera 5 hakulipa ada yoyote. Alipoongeza ya sita alianza kulipa dola 9.99 kwa mwezi, yaani dola 119.88 kwa mwaka, juu ya bei ya kamera yenyewe. Kamera ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi hazikuongeza ada hata senti moja. Ya kumi na moja ikaongeza dola 5 kwa mwezi, sawa na dola 60 kwa mwaka.

Kwa hiyo ada haipandi kama mteremko, inapanda kama ngazi. Aliyesimama ukingoni mwa ngazi afikirie mara mbili kabla ya kunyanyua mguu. Aliyekwisha kupanda anapaswa kuitumia nafasi aliyoilipia, kwani kumiliki kamera 6 kwa ada ya kamera 10 ni kulipia nafasi 4 zisizokaliwa.

Mfano huo una fundisho jingine. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba baadhi ya kamera za zamani zingeondolewa hifadhi ya bure. Wateja walilalamika kwamba ahadi hiyo ndiyo iliyowafanya wanunue, na Januari 2023 kampuni ikalegeza msimamo. Kamera zilizotoka baadaye, hata hivyo, ziliuzwa bila hifadhi hiyo ya bure ya mtandaoni. Neno "bure" katika biashara hii lichukuliwe kuwa punguzo la muda.

Ring: mahali pa kuhama

Ring, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2018, ilikuwa na mipango miwili mikuu. Mmoja ulitoza dola 3 kwa mwezi kwa kila kamera. Mwingine ulitoza dola 10 kwa kamera zote za anwani moja.

Kwa bei hizo, mwenye kamera 3 alilipa dola 9 na hakuwa na sababu ya kuhama. Alipofikisha kamera 4 angelipa dola 12, hivyo mpango wa dola 10 ukawa nafuu. Mahali pa kuhama palikuwa kamera ya nne.

Julai 2022 ada ya kamera moja ilipanda hadi dola 3.99, ongezeko la asilimia 33. Machi 2024 ikapanda tena hadi dola 4.99, asilimia 25 zaidi. Kwa bei hiyo kamera 2 ziligharimu dola 9.98, karibu sawa na mpango wa nyumba nzima, na kamera 3 zikagharimu dola 14.97. Mahali pa kuhama pakasogea hadi kamera ya tatu.

Mteja mwenye kamera 3 ambaye hakurudia hesabu yake akabaki kwenye mpango wa zamani alikuwa akipoteza karibu dola 5 kila mwezi, yaani karibu dola 60 kwa mwaka. Fedha hizo zilikwenda bila yeye kuongeza kitu chochote nyumbani kwake. Kilichobadilika ni bei tu.

Nest: nani anamlipia nani

Google ilifanya mageuzi makubwa mwaka 2020. Kabla ya hapo huduma ya Nest Aware ilitozwa kwa kamera. Hifadhi ya siku 10 za kurekodi mfululizo iligharimu dola 10 kwa kamera ya kwanza na dola 5 kwa kila iliyofuata. Nyumba yenye kamera 4 ililipa dola 25 kwa mwezi.

Mwaka 2020 ada ikawa ya nyumba nzima. Dola 6 zilinunua hifadhi ya matukio kwa siku 30. Dola 12 zilinunua matukio kwa siku 60 pamoja na kurekodi mfululizo kwa siku 10. Mwenye kamera 4 aliyetaka kurekodi mfululizo akashuka kutoka dola 25 hadi 12. Mwenye kamera 1 aliyetaka huduma hiyo hiyo akapanda kutoka dola 10 hadi 12.

Ada hizo zikapanda mwaka 2023 hadi dola 8 na 15, na mwaka 2025 hadi dola 10 na 20. Ukilinganisha na utaratibu wa zamani, mwenye kamera 4 kwa dola 20 bado alikuwa na unafuu wa dola 5. Mwenye kamera 1 alikuwa analipa mara mbili.

Fundisho ni kwamba ada ya nyumba nzima inampendelea anayeongeza kamera na inambana mwenye moja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kampuni, mteja asitazame idadi ya kamera alizonazo leo. Atazame idadi anayotarajia kuwa nayo baada ya miaka miwili au mitatu.

Intaneti nayo ina kikomo

Yupo anayehesabu ada ya kamera vizuri kisha akaumizwa na ada ya intaneti. Kamera inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia GB 0.9 kwa saa, GB 21.6 kwa siku, na GB 648 kwa siku 30. Hiyo ni kamera moja inayorekodi mfululizo.

Kamera mbili za aina hiyo hutumia GB 1,296 kwa mwezi. Kampuni ya Comcast ya Marekani iliwawekea wateja wake wengi kikomo cha TB 1.2 kwa mwezi, na dola 10 kwa kila GB 50 zilizozidi. Kwa hesabu hiyo kamera mbili peke yake, kabla mtu hajatazama filamu wala mtoto hajafanya kazi ya shule, zilitosha kuvuka mpaka na kuleta dola 20 za ziada.

Kurekodi matukio tu hubadilisha picha yote. Kamera inayonasa matukio 60 kwa siku, kila moja sekunde 30, hurekodi nusu saa tu. Hiyo ni GB 0.45 kwa siku, au GB 13.5 kwa mwezi. Kamera 4 zitatumia GB 54. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mara nyingi dawa ya kamera ya ziada ni kuzipanga vizuri zile zilizopo: kuelekeza sensa getini badala ya barabarani, ili kila daladala linalopita lisihesabiwe kuwa tukio.

Kariakoo na Luthuli

Afrika Mashariki mambo ni tofauti kidogo. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi, wengi hununua mashine ya kurekodi yenye diski yake, ambayo haina ada ya mwezi. Lakini kikomo hakijatoweka, kimehamia ndani ya mashine.

Mashine hizo huuzwa za chaneli 4, 8 au 16. Mwenye mashine ya chaneli 4 akitaka kamera ya tano, analazimika kununua mashine nyingine. Ni ngazi ile ile ya Arlo, isipokuwa hapa inalipwa kwa mkupuo. Ndiyo maana mwenye kamera 4 anashauriwa kununua chaneli 8 tangu mwanzo, kama tofauti ya bei si kubwa.

Diski nayo ndiyo siku zako za kuhifadhi. Kamera 4 za megabiti 2 hujaza GB 86.4 kwa siku, hivyo diski ya TB 1 hutosha siku 11 na nusu. Kamera zikiwa 8, siku hushuka hadi chini ya 6. Teknolojia ya kubana picha inayoitwa H.265 inaweza kupunguza mahitaji hayo kwa karibu nusu ikilinganishwa na H.264, lakini kamera na mashine zote mbili lazima ziikubali.

Wapo pia Watanzania walioko Houston au London wanaojenga Kibaha au Kigamboni na wanataka kuona kwa simu kama saruji na nondo zimefika na hazijaondoka. Kwenye kiwanja kisicho na waya wa intaneti hutumika kamera yenye laini ya simu, ambapo bando ndilo kikomo. Kwa mtu huyo kurekodi mfululizo mtandaoni hakuwezekani kibiashara. Njia nafuu ni kamera kuhifadhi kwenye kadi yake yenyewe na kutuma matukio tu.

Hata hivyo hifadhi ya ndani ina udhaifu wake: mwizi akiondoka na mashine au kadi, ameondoka na ushahidi. Mashine ifungiwe mahali pasipoonekana, na kamera ya getini, kama uwezo upo, iwe pia na nakala mtandaoni.

Aidha, anayeongeza kamera asielekeze ya mwisho kwenye uwanja wa jirani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023.

Kabla ya kununua

Mnunuzi aandike kwenye karatasi mambo matano: idadi ya kamera sasa na baada ya miaka 3, ada ya mwaka mzima katika kila idadi, siku anazohitaji kuhifadhi, GB ambazo intaneti yake inaruhusu, na kitakachobaki kufanya kazi siku atakayoacha kulipa ada. Swali la mwisho ndilo wauzaji husahau kulijibu, kwa hiyo liulizwe kwanza.

Zoezi

Mfanyabiashara ana mashine ya chaneli 8, diski ya TB 2 na kamera 4 za megabiti 2 zinazorekodi mfululizo. Husafiri kufuata mali kwa siku 21. Anataka kuongeza kamera 2. Je, ana nafasi?

Jibu: Chaneli zipo. Lakini kamera 4 zilimpa siku 23, ambazo zilitosha safari yake. Kamera 6 zitajaza GB 129.6 kwa siku, na diski itatosha siku 15 tu. Akiibiwa siku ya pili ya safari, picha zitakuwa zimefutwa kabla hajarudi. Anahitaji diski ya TB 4, itakayompa karibu siku 31, na bei ya diski hiyo aihesabu kuwa sehemu ya bei ya kamera zile mbili.