Rangi na Jirani Yake

Chukua karatasi moja ya kijivu, hata ya boksi la viatu, ukate vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja na ukubwa wa stempu ya posta. Kimoja kiweke katikati ya karatasi nyeusi, cha pili katikati ya karatasi nyeupe. Rudi nyuma hatua tatu utazame. Kipande kilicho kwenye weusi kitang'aa kana kwamba kimeoshwa sasa hivi. Kilicho kwenye weupe kitakuwa kizito kama kilichopakwa masizi. Vibadilishe mahali, navyo vitabadilishana sura. Mkasi ni wako na karatasi umeikata mwenyewe, lakini jicho halisikii ushahidi huo.

Kila anayekuja kwangu kujifunza picha dhahania za mafuta huanza na vipande hivi viwili kabla hajafungua tyubu hata moja. Anayechora mti ana mti wa kumsaidia: hata kijani chake kikipotea njia, mtazamaji atasema ni mti. Sisi hatuna mti, wala uso, wala jahazi. Tuna rangi na mahali tulipoiweka, basi. Ndiyo maana jambo la kwanza kulijua ni hili: rangi haina sura yake peke yake, hupewa sura na jirani.

Jambo hili liliwahi kuleta ugomvi kazini. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, aliwekwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi walizopewa zimefifia na hazina nguvu. Akazipima, akakuta weusi wake hauna kasoro. Kasoro ilikuwa katika bluu na zambarau zilizofumwa kando yake; hizo ndizo zilizounyonya ule weusi. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, na wachoraji wa Ulaya wakakisoma kwa makini.

Aliyelifikisha mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus kisha akahamia Marekani mwaka 1933. Mwaka 1950, akiwa na miaka 62, alianza mfululizo aliouita Heshima kwa Mraba: miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, basi. Aliendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1976, na picha zikapita elfu moja. Alichukua rangi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu akaisambaza kwa kisu juu ya hadibodi iliyopakwa nyeupe tabaka kadhaa. Umbo halikubadilika, kilichobadilika ni nani anakaa na nani. Njano ileile katika picha moja inasogea mbele kukulaki, katika nyingine inarudi ndani kama taa ya chumba cha mwisho. Mtu akiniambia kazi hiyo ni rahisi, namwomba achore tatu tu.

Wanafunzi wake aliwapa karatasi za rangi, si rangi yenyewe, na sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Ukichanganya rangi leo, kesho huipati ileile, nawe hutajua kama kilichobadilika ni jirani au ni mkono wako. Karatasi haibadiliki. Kwa hiyo wiki zako mbili za kwanza ziwe za mkasi na gundi. Kusanya magazeti ya picha, manila, karatasi za zawadi, mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Chagua rangi moja, tuseme nyekundu ya matofali, ukate vipande vingi vidogo. Kisha tafuta mandhari mbili zitakazoifanya nyekundu hiyo moja ionekane mbili: huku ya kahawia iliyochoka, kule ya moto. Ukifaulu, geuza kazi: tafuta nyekundu mbili tofauti na uziweke juu ya mandhari zitakazozifanya zifanane. Hili la pili ni gumu. Linaweza kukuchukua siku nne, na siku nne hizo zitakufaa kuliko mwezi wa kupaka.

Ukiwa na kanga nyumbani, ifungue sakafuni uisome kama mchoraji. Usianze na jina. Tazama pindo linavyoushika mji usimwagike, na jinsi rangi tatu tu zinavyojaza nguo nzima. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala hakuna anayekitazama akasema kimepungukiwa. Weupe umegawanywa vidogovidogo katikati ya wekundu na weusi, na ndio unaoipa nguo pumzi. Funika kwa kiganja sehemu yenye weupe mwingi, uone jinsi nyekundu inavyozama.

Sasa rangi. Nilipoanza nilinunua boksi la tyubu 24, na picha zangu zote za mwaka ule zikaishia katika rangi ya tope, kwa sababu kila nilipokwama nilifungua tyubu nyingine. Wewe nunua tano: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, nyekundu moja kali, njano moja, na hudhurungi ya amba iliyochomwa. Nyeusi iache dukani kwa sasa. Amba na altramarini vikichanganywa hutoa weusi wenye uhai, ambao unaweza kuuegemeza kwenye joto ukiongeza amba au kwenye baridi ukiongeza bluu. Weusi wa tyubu hauna mlango huo.

Changanya kwa kisu, si kwa brashi. Brashi hubeba mabaki ya rangi ya jana katika shina la nywele zake. Changanya rangi mbili, tatu ikibidi. Ukiweka ya nne, simama ujiulize unatafuta nini. Jua pia kwamba nyeupe haing'arishi rangi tu, huipoza: nyekundu ikitiwa nyeupe hugeuka waridi yenye ubaridi, na ukitaka irudishe joto lake uongeze njano kidogo. Changanya nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, maana ikiisha katikati ya uwanja mpana, ile ya pili haitalingana na ya kwanza.

Zoezi la paleti ninalolipenda kuliko yote ni hili. Weka nyekundu upande mmoja, upande wa pili kijani ulichokichanganya kwa bluu na njano. Chota nyekundu, uongeze kijani kama punje ya mchele, upake mstari. Ongeza punje nyingine, mstari mwingine. Utashuka ngazi kutoka nyekundu hadi kijani, na katikati utakuta vijivu ambavyo havina jina dukani: kimoja kama ganda la korosho, kimoja kama bahari kabla ya mvua. Wanaoanza hukwepa vijivu hivi wakidhani ni tope. Tope ni kijivu kilichokuja bila kuitwa. Hiki umekiita mwenyewe, na ndicho kitakachofanya nyekundu yako iimbe. Picha iliyojaa rangi kali tupu ni soko ambalo kila mtu anapiga kelele, hakuna anayesikika. Weka kijivu chenye ukijani sehemu tisa, nyekundu sehemu moja, uone nani anatawala.

Kabla ya kuuliza rangi gani, uliza mwanga kiasi gani. Njano na zambarau hutofautiana kwa rangi na pia kwa mwanga, lakini nyekundu na kijani zinaweza kuwa na uzito uleule wa mwanga hata picha ikalala chini bila mwili, ingawa ukiwa karibu unaona rangi zinashindana. Finya macho hadi kope zikaribie kugusana: mipaka iliyo imara itabaki, iliyo dhaifu itayeyuka. Simu nayo inafaa. Piga picha kazi yako uigeuze nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja kimetanda kila mahali, kosa haliko kwenye rangi, liko kwenye ngazi ya mwanga, na kuongeza rangi nyingine hakutaliponya.

Kuhusu mpangilio, anza na michoro ya penseli midogo kama kibiriti, isiyopungua ishirini, kila mmoja na mwanga wa aina tatu tu: mweupe, wa kati, mweusi. Usiigawe nafasi sawasawa. Nusu kwa nusu ni mizani iliyotulia, na mizani iliyotulia haimwiti mtu kutazama mara ya pili. Rudi kwa Albers: miraba yake haiko katikati. Imekaa chini, na nafasi inayobaki hupimwa sehemu moja chini, mbili kila upande, tatu juu. Ingekaa katikati kabisa ingekuwa shabaha ya kulengwa mshale. Kwa kushuka kidogo inapata uzito, kama mtungi uliokaa kwenye kata yake. Jaribu kipimo hicho na maumbo yako mwenyewe, kisha kivunje uone unachopoteza.

Kingo zinahitaji uangalifu wako kuliko katikati. Wengi hupamba katikati hadi ikachoka, pembe nne zikabaki tupu kama viti vya wageni wasiofika. Umbo linalokatwa na ukingo wa ubao humfanya mtazamaji aamini kwamba picha inaendelea nje. Umbo linalokaribia ukingo bila kuugusa linamtia wasiwasi, na wakati mwingine wasiwasi huo ndio unaoutaka. Amua, usiache bahati iamue. Na mipaka kati ya rangi isiwe mikali yote. Mmoja uwe wa kisu, mwingine uuyeyushe kwa brashi kavu wakati rangi zote mbili bado mbichi. Hii ni neema ya rangi za mafuta ambayo zile za akriliki zinakunyima haraka.

Ukikwama, geuza picha juu chini. Mchoraji Wassily Kandinsky aliandika mwaka 1913 kwamba jioni moja mjini Munich alikuta karakanani kwake picha nzuri asiyoijua, ya maumbo na rangi tupu. Alipoikaribia akaona ni yake mwenyewe, imeegemezwa kwa ubavu. Kwako haitakuwa muujiza kila mara, lakini picha iliyopinduliwa itakuonyesha papo hapo ni upande gani umeelemewa.

Sasa mafuta yenyewe, maana hapa picha nyingi hufa. Usipake moja kwa moja kwenye amerikani. Mafuta huila nyuzi polepole. Tanguliza jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili au tatu, na usugue kwa msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Kwa bei, hadibodi ni rafiki mkubwa. Ni ubao wa aina hiyohiyo alioutumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, ingawa rangi zake zilikuwa za enameli, ambazo hukauka upesi.

Zetu hazikauki kwa maji kuruka. Mafuta ya kitani hufyonza oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, pole kwa pole. Kwa hiyo tabaka la chini liwe na mafuta machache, lililolainishwa kwa tapentaini kidogo, na kila tabaka linalofuata liwe na mafuta zaidi ya lililotangulia. Ukigeuza mpango, tabaka la juu litakauka mbele ya la chini, la chini litaendelea kujisogeza, na uso utapasuka kama udongo wa bwawa la kiangazi. Niliipoteza hivyo picha niliyoipenda sana, iliyonichukua miezi mitatu. Amba hukauka haraka, kwa hiyo inafaa sana chini. Nyeupe ya titani na nyekundu za kadimiamu huchelewa. Vanishi isubiri miezi sita hadi mwaka mzima.

Fungua madirisha unapotumia tapentaini. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo: yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Usiogope kukwangua. Mchoraji Richard Diebenkorn, katika mfululizo wake wa Ocean Park alioanza mwaka 1967 huko Santa Monica, aliacha mistari aliyoikataa ionekane chini ya ile aliyoikubali, na mtazamaji anaisoma picha pamoja na safari yake. Sehemu inayokusumbua, ikwangue kwa kisu ikiwa bado mbichi, ufute kwa kitambaa, uache kivuli chake. Mara nyingi kivuli hicho ni rangi bora kuliko ile uliyoipigania asubuhi nzima. Chora kwa mwanga mmoja, wa dirisha ukiweza, kwa sababu taa ya manjano ya usiku itakudanganya kuhusu njano na nyeupe, nawe utaamka ukute kazi ya mtu mwingine.

Ukidhani umemaliza, igeuze picha iutazame ukuta kwa wiki mbili. Siku ya kuigeuza tena, kumbuka mahali jicho lilipotua kwanza na lilipokwenda baadaye. Likikwama pahala pamoja, hapo pana kazi. Kisha fanya kama Albers, aliyeandika nyuma ya ubao majina ya rangi zote alizotumia: chukua penseli, andika tyubu zipi, mafuta kiasi gani katika kila tabaka, tarehe, na nani uliyemweka jirani na nani.